Sheria za utoaji mimba Texas: je, ni kweli kwamba mwenye shida atasafiri tu hadi jimbo jingine?

Mama Furaha, Houston

Ndugu zangu, salaam. Naleta hoja hii kwenu kwa sababu mjadala uliozuka katika kikundi chetu cha akina mama wa Kiswahili hapa Houston umetugawanya, na naona tunabishana bila kujua sheria yenyewe inasemaje. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta tarehe 24 Juni 2022 hukumu ya Roe, iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na kuliachia kila jimbo lijiamulie kuruhusu au kupiga marufuku utoaji mimba, Texas imefunga mlango karibu kabisa. Baadhi ya wenzetu wanasema kwamba sheria hii haimwonei mtu, kwa kuwa Marekani ni nchi moja na barabara ziko wazi: asiyekubaliana nayo apande gari au ndege aende New Mexico au Colorado. Wengine, nikiwemo mimi, tunaona kwamba maneno hayo yanatoka kwa watu wenye gari, wenye likizo ya malipo na wenye mtu wa kumwachia watoto.

Mimi hujitolea kuwatafsiria akina mama wa Kikongo wanapokwenda kliniki. Mwaka jana nilikuwa na mama mmoja ambaye chupa yake ya uzazi ilipasuka mimba ikiwa na wiki 18 (mambo madogo nimeyabadilisha ili asijulikane). Daktari alieleza kwa upole, nami nikatafsiri, kwamba mtoto hataweza kuishi, lakini moyo wake bado unapiga, kwa hiyo mama arudi nyumbani, apime joto la mwili kila baada ya saa chache, na akiona homa aje mara moja. Yule mama akaniuliza, "Dada, wanataka niugue kwanza ndipo wanitibu?" Swali hilo nililitafsiri kama lilivyo. Daktari akasema kwamba itabidi awasiliane na wakili wa hospitali. Homa ilimpata, akarudishwa, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na tunamshukuru Mungu alipona.

Ninachoomba kueleweshwa ni haya: je, ni sheria iliyomzuia daktari yule, au ni woga wake? Na kama ni kweli kwamba anayetaka anaweza kusafiri, ni nani hasa anayeweza?

Kadzo, Austin

Mama Furaha, pole kwa uliyoyashuhudia. Nafanya kazi na mawakili wa masuala ya afya, na nitajitahidi kujibu sehemu ya sheria kwanza.

Wengi hudhani kwamba Texas ina sheria moja, kumbe zimepangana tabaka juu ya tabaka. Kesi ya Roe yenyewe ilitoka hapa hapa Texas: mshtakiwa alikuwa Henry Wade, mwendesha mashtaka wa kaunti ya Dallas, na hukumu ya mwaka 1973 ilibatilisha sheria za zamani za jimbo hili. Kabla Roe haijafutwa, Texas ilikwisha kupitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2021, ambayo ilikataza kutoa mimba mara tu mapigo ya moyo yanapoonekana, yaani takriban wiki ya 6, na ikampa raia yeyote haki ya kumshtaki kwa madai daktari au yeyote aliyesaidia, akishinda alipwe fidia isiyopungua dola 10,000. Kisha ikaja sheria iliyokuwa imeandaliwa ikisubiri Roe ianguke tu, ikaanza kazi tarehe 25 Agosti 2022. Hiyo ndiyo inayowatisha madaktari: mimba ikitolewa kinyume cha sheria, daktari anaweza kufungwa hadi maisha, anatozwa faini isiyopungua dola 100,000 na anapoteza leseni. Mwanamke mwenyewe haadhibiwi kwa sheria hiyo, wala kusafiri kwenda jimbo jingine si kosa.

Haikutoa nafasi kwa aliyebakwa wala aliyepewa mimba na ndugu wa damu. Nafasi iliyopo ni pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini, au kiungo muhimu cha mwili wake kikiwa katika hatari ya kuharibika vibaya. Sasa daktari anabaki kujiuliza: hatari ya kiasi gani? Homa ya nyuzi ngapi? Mwaka 2023 kundi la wanawake walionyimwa matibabu, pamoja na madaktari, waliishtaki Texas wakitaka jambo hilo lifafanuliwe, na mmoja wao chupa yake ilipasuka katika wiki ya 18 kama mama uliyemsindikiza. Mwezi Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Texas iliwakatalia, ikisema kwamba sheria inajitosheleza. Hata hivyo mwaka 2025 bunge la jimbo lenyewe lilipitisha marekebisho, yaliyotiwa saini mwezi Juni, yanayosema kwamba daktari halazimiki kusubiri hatari iwe imefika mlangoni. Mtu haandiki ufafanuzi wa jambo lililokuwa wazi.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu sheria au woga ni kwamba huwezi kuvitenganisha. Woga huo umetengenezwa na sheria. Mtu anayetakiwa kupima ugonjwa kwa mkono mmoja na kifungo cha maisha kwa mkono wa pili atachelewa, hata akiwa mwema namna gani.

Nesi Chebet, Dallas

Mama Furaha, habari yako. Nimesoma uuguzi Eldoret na sasa ni mwaka wangu wa kadhaa katika wodi ya wazazi hapa Dallas, kwa hiyo nitasema yale ninayoyaona.

Kile ulichotafsiri siku ile ndicho kinachoitwa kusubiri na kuangalia. Chupa ikipasuka mapema kiasi hicho, mlango wa bakteria kuingia kwenye mji wa mimba unakuwa wazi, na maambukizi yanaweza kusambaa kwenye damu kwa muda wa saa chache. Mama anaweza kuwa anaongea nawe asubuhi akiwa na mpigo wa moyo ulioongezeka kidogo tu, na jioni presha yake ikawa imeshuka kiasi cha kumfanya asijibu akiitwa. Baada ya ile sheria ya Septemba 2021, madaktari wa hospitali mbili kubwa za Dallas walichapisha takwimu za wagonjwa wao 28 waliokuwa na matatizo kama hayo kabla ya wiki ya 22. Wote walisubirishwa kwa kuwa sheria ilitaka hivyo, kwa wastani wa siku 9, na asilimia 57 kati yao walipata madhara makubwa ya kiafya. Katika majimbo ambako mgonjwa wa namna hiyo aliruhusiwa kuchagua kutibiwa mara moja, waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 33. Pengo hilo ni watu: ni damu waliyoongezewa, ni mifuko ya uzazi iliyoondolewa.

Kuhusu kusafiri, tazameni ramani. Texas inapakana na Louisiana, Arkansas na Oklahoma, na yote matatu yamepiga marufuku. Imebaki New Mexico, na kutoka Houston hadi mpaka wake upande wa El Paso ni takriban kilomita 1,200, safari inayozidi ile ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Hata Kansas ni mbali. Mwenye mshahara wa mwezi na mume mwenye gari zuri atapanga jambo hilo kati ya Ijumaa na Jumatatu. Yule anayesafisha vyumba vya hoteli kwa malipo ya saa, akikosa zamu mbili anakosa kodi ya nyumba, na wengi wa wanaotafuta huduma hii nchini Marekani tayari wana watoto nyumbani. Bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, Medicaid, haimsaidii, kwa sababu tangu mwaka 1976 Bunge la Marekani limezuia fedha zake zisilipie utoaji mimba isipokuwa kwa sababu chache sana. Kwa hiyo hata wakati wa Roe maskini wa Texas alikuwa na haki kwenye karatasi bila uwezo wa kuilipia, jambo ambalo watetezi wengi wa Roe hawapendi kulikumbuka.

Naomba pia watu waelewe hesabu ya wiki, maana naona inawachanganya hata waliosoma. Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mwanamke akigundua siku zake zimepita, tayari anahesabiwa wiki 4. Katika jimbo linaloruhusu hadi wiki ya 6, kama Georgia au Florida, ana takriban wiki mbili za kugundua, kuamua, kutafuta fedha na kupata miadi. Mwenye daktari wake wa familia ataweza. Asiye na bima, ambaye hedhi yake haina mpangilio kwa sababu ya sindano ya uzazi wa mpango au ya kunyonyesha, muda huo unampita bila yeye kujua kwamba ulianza.

Na haya yote yanatokea katika nchi ambayo mwanamke mweusi tayari anakufa zaidi kwa uzazi. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zinaonyesha vifo 50.3 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai miongoni mwa wanawake weusi, na 14.5 miongoni mwa wanawake weupe. Pengo hilo lilikuwapo kabla ya mwaka 2022. Sasa limeongezewa mzigo.

Mchungaji Elia, Fort Worth

Wapendwa, nimewasoma wote kwa makini, na nitaandika kama mtu anayeunga mkono sheria hizi, kwa sababu naamini kwamba mimba ni uhai ambao Mungu ameuumba na kwamba serikali ina wajibu wa kuulinda. Sitaficha hilo, na naomba tusikilizane.

Nianze na hoja ya "atasafiri tu", kwa sababu inanikera kuliko inavyowakera ninyi. Mtu anayeamini kwamba kilichomo tumboni ni mtoto hawezi kusema kwamba hakuna tatizo mama akivuka mpaka wa New Mexico. Akisema hivyo, hatetei uhai. Anatafuta namna ya kujiondolea lawama. Na sheria ambayo tajiri huikwepa kwa tiketi ya ndege huku maskini akibanwa nayo ina kasoro hata machoni pa sisi tunaoipenda. Kwa hiyo Mama Furaha, katika hilo niko upande wako, ingawa tumefika hapo kwa njia tofauti.

Lakini sikubali kwamba dawa ya tofauti hiyo ni kurudisha hali ya zamani. Katika hukumu ya 2022, Jaji Samuel Alito aliandika kwamba Katiba haisemi lolote kuhusu haki ya kutoa mimba na kwamba suala hilo lirudishwe kwa wananchi na wawakilishi waliowachagua. Wananchi wa Texas wamewachagua wabunge hao mara nyingi. Tofauti baina ya tajiri na maskini inapasa kujibiwa kwa kumfanya mama maskini aweze kuzaa na kulea bila kudhalilika. Mwaka 2023 Texas iliongeza muda wa Medicaid kwa mama aliyejifungua ukafika miezi 12, jambo ambalo sisi wachungaji wengi tulilipigania. Kanisani kwetu tuna mfuko wa kodi ya nyumba na nepi, na kuna akina mama waliokuja wakiwa wameshakata tamaa ambao leo watoto wao wanakimbia kimbia kati ya viti wakati wa ibada. Msiwafute hao katika mjadala.

Kuhusu mama aliyesubirishwa hadi augue, nasema wazi: hilo si ulinzi wa uhai. Mtoto hakuweza kuokolewa, na mama aliachwa hatarini. Nilifurahia marekebisho ya Juni 2025, na yangepaswa kuwamo tangu siku ya kwanza.

Kadzo, Austin

Mchungaji, nakuheshimu kwa ukweli wako, hasa kuhusu hoja ya kusafiri. Hata hivyo, hapo uliposema kwamba wananchi wameamua, naomba nikupinge. Mahali ambapo wananchi waliulizwa swali lenyewe moja kwa moja, mara nyingi wamejibu tofauti na wabunge wao. Kansas, jimbo la kihafidhina kabisa, asilimia 59 walikataa mwezi Agosti 2022 kuondoa ulinzi wa haki hiyo katika katiba yao. Ohio waliiingiza katika katiba mwaka 2023 kwa takriban asilimia 57. Florida mwaka 2024 walipata pia asilimia 57 wakashindwa, kwa kuwa sheria yao inataka asilimia 60. Nebraska na South Dakota walikwenda upande wako, nakubali. Lakini Texas haina utaratibu wa wananchi kukusanya saini na kulipeleka suala kwenye kura ya jimbo zima. Bunge lisipotaka, swali haliulizwi. Na mama aliyetoka Uvira, Kongo, miaka mitatu iliyopita hawezi kupiga kura hiyo wala nyingine yoyote hadi awe raia.

Medicaid ya miezi 12 ni jambo jema kweli. Ila Texas ni miongoni mwa majimbo 10 yaliyokataa kupanua Medicaid kwa watu wazima wa kipato cha chini, na ndiyo yenye asilimia kubwa kuliko zote ya watu wasio na bima. Mwanamke anaingia katika ujauzito akiwa na presha au kisukari ambacho hakuna aliyewahi kukipima. Zaidi ya hapo, sheria ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inawaondoa wakimbizi wengi katika Medicaid kuanzia Oktoba 2026, hadi watakapopata ukaazi wa kudumu. Hao ni waumini wako, Mchungaji.

Amani, Bonde la Rio Grande

Jambo Mama, jambo wote. Naishi kusini kabisa mwa Texas, karibu na McAllen, na ninasaidia katika ofisi ya wanaoomba hifadhi. Mjadala wa kusafiri huku kwetu una jambo ambalo watu wa Houston na Dallas hawalioni.

Ukitoka bondeni kwenda kaskazini, ziko barabara kuu mbili, ya 281 na ya 77, na kila moja ina kituo cha ukaguzi cha askari wa mpaka, kimoja karibu na Falfurrias na kingine karibu na Sarita, zaidi ya kilomita 100 ndani ya nchi. Kila gari linasimama, na askari anauliza kama ninyi ni raia. Asiye na karatasi anaweza kuishi huku miaka 20, akazaa, akajenga, lakini hawezi kufika San Antonio. Kliniki pekee ya bonde hili iliyokuwa ikitoa huduma hiyo ilikuwa McAllen, nayo ilifungwa baada ya hukumu ya 2022. Kwa mama wa namna hiyo kilomita si hoja. Hata ukimpa gari, fedha na likizo, barabara inaishia Falfurrias.

Hata wenye ombi la hifadhi lililo mahakamani, ambao wana barua halali, wengi wanaogopa kupita, hasa kwa hali ya sasa. Mwaka jana mama mmoja wa Burundi alikuja ofisini akiwa amebeba faili lake lote katika mfuko wa plastiki, akatuuliza ni karatasi ipi kati ya zile atakayomwonyesha askari akiulizwa anakwenda wapi na kufanya nini. Tulimwambia kwamba halazimiki kueleza sababu ya safari yake. Alituamini, lakini hakusafiri.

Ndiyo maana vidonge vinavyotumwa kwa posta kutoka majimbo kama New York na Massachusetts, ambako sheria inawakinga madaktari wanaowaandikia wagonjwa wa mbali, vimekuwa na umuhimu mkubwa huku. Texas nayo imeitikia: tangu Desemba 2025 raia anaweza kuwashtaki wanaotengeneza au kutuma vidonge hivyo na kudai dola 100,000. Mwanamke anayevitumia mwenyewe hashtakiwi kwa sheria hiyo, lakini nani atamweleza hivyo kwa lugha anayoielewa? Akitoka damu nyingi ataogopa kwenda hospitali, na huko ndiko anakostahili kwenda haraka.

Mama Furaha, Houston

Nawashukuru nyote. Mchungaji, umenisaidia kuona kwamba wanaotuambia "atasafiri tu" hawana imani yako wala yangu. Lakini mfuko wa kodi na nepi, pamoja na uzuri wake, haukumfikia mama niliyemsindikiza, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumvika nepi. Alikuwa na maambukizi. Mkiwa na nafasi ya kuongea na wabunge wenu, na najua ninyi wachungaji mnasikilizwa kuliko sisi, waelezeni habari za mama wa namna hiyo kabla hamjawaeleza za nepi.

Nina swali moja la mwisho kwa Kadzo na Chebet. Wiki ijayo nitakuwa na kikao na akina mama. Niwaambie nini cha kufanya jambo kama lile likiwapata?

Nesi Chebet, Dallas

Waambie wasikae nyumbani kwa aibu. Maji yakitoka kabla ya wakati, damu ikitoka kwa wingi, homa au baridi kali ikija, harufu mbaya, au moyo kwenda mbio, waende idara ya dharura, na wakirudishwa nyumbani waombe waandikiwe dalili za kurudi nazo. Wakiona hawasikilizwi, waende hospitali nyingine, ikiwezekana ile ya kufundishia madaktari, kwa maana huko mara nyingi kuna wataalamu wa mimba zenye hatari. Wasiseme tu "naumwa tumbo". Waseme wiki za mimba, saa ambayo maji yalitoka, na joto walilolipima. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na ile ambayo mtoto amekwisha kufa, kuitibu hakuhesabiwi kuwa utoaji mimba katika sheria ya Texas, na mama asikubali kuambiwa vinginevyo.

Kadzo, Austin

Naongeza matatu. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1986 bado inaitaka kila hospitali yenye idara ya dharura inayopokea fedha za Medicare, yaani bima ya serikali kuu ya wazee na walemavu, impime mgonjwa na kumtuliza hali yake, hata kama mwongozo wa 2022 uliokuwa ukiihusisha na utoaji mimba wa dharura ulifutwa mwezi Juni 2025. Pili, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, wa simu au wa ana kwa ana. Waseme kwamba wanataka Kiswahili, na kama ni Kinyamulenge au Kibembe waseme hivyo, na mtoto wao asigeuzwe mkalimani. Tatu, wana haki ya kupata nakala ya kumbukumbu zao za matibabu, nao waombe kwa maandishi. Mama Furaha, nitumie ujumbe kwa faragha. Nitakuandalia karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na Amani aisome kabla hujaigawa, maana wa bondeni wana mambo yao ya kuongeza.